Huyo bonge wa katikati hasukumani tu

Jumapili tena hapa Houston. Sebule imejaa, mbuzi yuko kwenye jiko la nje, mechi ya futiboli ya Kimarekani ya saa sita mchana imefika robo ya pili. Shemeji yangu akaelekeza kidole kwenye televisheni: "Hivi shemeji, huyu bonge analipwa kwa kazi gani? Tangu waanze hajamgusa mwenye mpira." Watu wakacheka. Nami nilicheza nafasi hiyo hiyo chuoni, na sasa nawafundisha vijana wa sekondari. Swali hili nimeshalijibu harusini, msibani na kwa kinyozi. Leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mchawi ni saki. Kumwangusha kwotabeki, yule mrusha mpira, kabla hajarusha ndiyo hesabu pekee ya safu ya ulinzi ambayo kila mtu anaielewa, basi ikawa mizani ya kumpimia kila aliyeko mbele. NFL, ligi kuu yenyewe, ilianza kuihesabu rasmi mwaka 1982. Deacon Jones, mlinzi aliyelipa tendo hilo jina, alicheza msimu wake wa mwisho 1974. Kwenye daftari rasmi ana sifuri.

Sasa mtazame huyo bonge. Sisi tunamwita pua, kwa sababu anakaa pua kwa pua na senta, yule wa timu pinzani anayeutoa mpira. Katika mfumo wa zamani wa watatu mbele ana gepu mbili za kulinda, yaani nafasi anazoweza kupenya mkimbiaji, kulia na kushoto kwake. Mpira ukitoka, senta anamvaa kifuani, na kabla hajatulia gadi, jirani wa senta, anamgonga ubavuni. Hapo ndipo vijana wangu wote hukosea: wanataka kuzunguka. Ukizunguka umewafungulia mlango. Shusha nyonga ya upande wa gadi, ingiza bega katikati yao, kaa hapo hapo. Ukirudishwa hatua moja tu, gadi anakuachia senta na kwenda kumfuata lainbeka, mlinzi mwenzako aliye nyuma yako. Ukikomaa, gadi hathubutu kukuacha, lainbeka anapita bila kuguswa, anamkamata mkimbiaji, na mtangazaji analitaja jina la lainbeka. Ukizidiwa kabisa, jitupe miguuni mwao uwe gunia. Lundo nalo ni ukuta. Kuna kijana niliwahi kumpa alama za juu kuliko wote katika mechi ambayo hakumkamata mtu hata mara moja. Mama yake alidhani namfariji mwanawe.

Vince Wilfork, pua kama huyo, alicheza misimu 13, kumi na mmoja New England na miwili hapa Houston, akavaa pete mbili za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi. Saki zake zote: 16. Mwaka 2015 alikuwa safu moja na J.J. Watt, mlinzi wa pembeni, na Watt akapata 17.5 msimu huo mmoja. Kwa mizani ya shemeji, Watt alifanya kazi ya maisha ya Wilfork kwa miezi minne na chenji ikabaki! Hao watu wawili hawakuajiriwa kazi moja. Ni sawa na kumlaumu golikipa kwa kutofunga mabao.

Najua mtanitajia Aaron Donald. Alisimama ndani, kati ya magadi, akiwa na kilo 127 hivi ambazo kwa nafasi ile ni wembamba, akafikisha saki 111 katika misimu 10 na kuwa mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Ni kweli. Ila Donald alipewa gepu moja aipasue, hakupewa mbili azizibe. Na hata hivyo, Donald ni Donald. Msimpimie mtoto wa jirani.

Sasa niseme yanayoninyima usingizi. Nikitazama timu isiyo yangu, mara nyingi siwezi kujua kama pua alikosea, kwa sababu sijui aliagizwa nini. Hata kwa vijana wangu, alama ninazotoa Jumamosi huwa nazibadilisha Jumatatu nikirudia video. Tunafundisha kwamba aliye chini ndiye mshindi, lakini nimeona warefu waliosimama wima kama nguzo wakashinda jioni nzima, na sina maelezo mazuri. Kubwa zaidi: mchezo wenyewe umekuwa wa kurusha. Ikifika dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, na yadi nyingi zimebaki, pua anaitwa benchi, wanaingia wepesi wa kumkimbilia kwotabeki. Huenda wanaogawa mishahara wako sahihi kumpa yule wa pembeni zaidi. Sipendi kuliandika hilo.

Kuhusu maisha ya kazi yenyewe, kwa ufupi: msimu ukianza timu inabaki na wachezaji 53, na nyumba ya pua ni ya kupanga. Mimi niliishia kambi moja tu ya mazoezi ya NFL. Agosti akaja kijana wa ofisini mlangoni, akaniambia kocha ananihitaji na nije na kishikwambi changu, kile chenye mipango ya mchezo ya timu. Ukiambiwa uje na kishikwambi, huhitaji kuuliza zaidi: umeachwa. Pensheni ya ligi inataka misimu mitatu, nami sikupata hata mechi moja.

Basi nikampa shemeji kazi: robo ya tatu yote asitazame mpira, amtazame senta na yule bonge tu. Aliweza dauni mbili. Ya tatu watu wakapiga kelele, akageuka kutafuta mpira, bonge akamponyoka.