Kiwanja cha bondeni: maneno ya dalali na ramani ya mafuriko

Mwezi wa nane, vumbi likitimka, kila kiwanja Dar es Salaam ni kikavu. Ndio msimu wa dalali kutamba kwamba "hapa maji hayafiki". Ramani za hatari ya mafuriko zipo, ila zinasomwa vibaya, wakati mwingine hata na watu wa ofisini.

Dhana: "Yale yalikuwa mafuriko ya miaka mia. Yameshapita, tujenge."

Ukweli: Miaka mia hapo si kalenda. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufika kiwango hicho, hata kama yalifika mwaka jana. Asilimia 1 inaonekana si kitu, lakini nyumba haijengwi ya mwaka mmoja. Piga hesabu ya miaka 30: uwezekano wa kukumbwa angalau mara moja unafika asilimia 26 hivi. Na hesabu hiyo imetokana na mvua zilizopita. Mji ukizidi kuezekwa bati na kumwagiwa zege, maji yale yale huteremka bondeni kwa kasi zaidi.

Dhana: "Sheria ni mita 60 kutoka mtoni. Nikiwa mita 65 nimepona."

Ukweli: Mita 60 zimo kweli katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ila ziliwekwa kulinda mto na kingo zake. Maji hayabebi futi kamba, yanafuata mwinuko. Pale Jangwani, ambapo Mto Msimbazi unapita kwenye tambarare, maji hutanda mbali sana kuliko hizo mita 60 na kufunga Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo ukiishika ramani, tafuta namba za kina cha maji. Umbali peke yake haukusaidii.

Dhana: "Kimepimwa, kina bikoni na hati."

Ukweli: Hati inasema kiwanja ni cha nani, haisemi kama maji yanafika. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapo hapo Jangwani, kwa mradi wa umma wenye wahandisi wake, na imefurika si mara moja.

Dhana: "Ramani zinachorwa na setilaiti, hazijui mtaa wetu."

Ukweli: Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo na wenyeji kutembea vichochoro vya kata kama Tandale, wakiingiza mifereji na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuifungua bure. Bibi aliyekaa mtaani miaka 40 na anayejua tope liligusa wapi ukutani ni chanzo cha data.

Dhana: "Nitajaza kifusi, yaishe."

Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana huwa inafanya kazi, kwa aliyejaza. Bonde ndipo mto unapoweka maji yake ya ziada. Ukiinua kiwanja chako, maji yaliyokuwa yakae hapo yanaingia kwa jirani. Lori moja halionekani kwenye ramani. Viwanja hamsini vikijazwa, ramani ya zamani haifai tena. Mpangaji makini huendesha upya hesabu za mafuriko akiwa ameweka kifusi ndani yake, na hufanya hivyo kabla ya kukata viwanja.

Basi ukionyeshwa ramani, uliza imetengenezwa mwaka gani, na nini kimejengwa upande wa juu, mto unakotokea, tangu hapo.