Upatanishi wa migogoro ya ardhi kati ya jamii asilia na kampuni za kilimo

Upatanishi ni mazungumzo yanayoongozwa na mtu asiyeegemea upande wowote, ili wanaogombana wafikie makubaliano yao wenyewe. Mpatanishi hatoi hukumu. Hiyo ni kazi ya jaji wa mahakama, kama ile ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi, pwani ya Kenya. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitambua njia hii: mpatanishi huitisha vikao, huweka masharti ya mazungumzo na hutunza kumbukumbu. Pande zikielewana, makubaliano huandikwa na kutiwa saini.

Ugumu huanza kabla ya kikao. Chukua msitu wa Dakatcha, huko Magarini, kaskazini mwa Malindi. Karibu na mwaka 2010 palikuwa na mpango wa kulima mbono kaburi kwenye hekta zipatazo 50,000, ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya kuendeshea mitambo. Wenyeji na watetezi wa mazingira waliupinga vikali. Kwa mwekezaji, eneo kama lile ni pori tupu. Kwa Wagiriama ni mashamba na mahali pa ibada. Kwa Wawaata ni mahali pa kurina asali na kuchimba mizizi ya dawa. Mpatanishi anayeanza na ramani ya kampuni ameshapendelea. Ni lazima kwanza atembee na wazee, aonyeshwe mizinga, visima, makaburi na njia za mifugo wakati wa kiangazi, na yote hayo yapewe uzito sawa na hati za kampuni.

Halafu kuna suala la nani anaketi mezani. Chifu na wazee watatu hawatoshi, hata wawe waadilifu namna gani. Sheria inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hauna nguvu mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Kina mama na vijana wamo. Na pale ambapo ardhi bado haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kama mdhamini tu. Haina ruhusa ya kuiuza.

Jamii ikishaelezwa kila kitu kwa lugha inayoielewa, kisha ikakataa, mpatanishi haibembelezi. Anaandika kwamba hawakukubaliana, na mlango wa mahakama unabaki wazi.