Eti "nimeshamwaga maji yote": dhana potofu za kulaza kempa msimu wa baridi

Ukikutana na Mswahili mwenzako mwenye kempa (kile kinyumba cha safari cha kuvutwa na gari) huku Minnesota, Marekani, mwezi wa 10, ukamuuliza ushailaza, yaani umeiandaa baridi isiiharibu? jibu huwa moja tu, aah nimeshamwaga maji yote. Na hasemi uongo, alifungua koki ya tenki, maji yakatoka mpaka yakakata, akafunga mlango akaenda zake. Sasa ngoja mwezi wa 4 ufike, anachomeka hosipaipu, anafungulia, anasikia shiii nyuma ya kabati la jikoni, hapo ndo anaanza kutafuta fundi na mafundi wote wakati huo wameshajaa kazi.

Tenki kuisha maji sio paipu kuisha maji. Hili ningeweza ningeliandika kwenye mlango wa kila kempa. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9, wala halihitaji darasa, wote tuliokulia nyumba zenye friza tumeshaona soda ya chupa iliyosahaulika humo usiku kucha, asubuhi unakuta vipande vya chupa na barafu. Tenki lenye maji kidogo chini haliumii sana maana barafu ina pa kwenda, inapanda juu. Lakini yale ya nusu kikombe yaliyobanwa kwenye kichwa cha pampu au kwenye koki ya choo hayana pa kwenda, yanasukuma tu mpaka plastiki ikubali. Kwahiyo kinachopasua kempa sio wingi wa maji, ni maji yaliyobanwa, na makosa karibu yote ya hapa chini yanaanzia hapo.

Mi msimu wangu wa kwanza nilimaliza kila kitu cha ndani vizuri kabisa nikasahau bafu la nje, kile kimlango kidogo cha ubavuni chenye kimpira cha kuoshea miguu. Ukienda kuangalia leo ile koki yake ya zamani (nimeitunza) huoni kitu, mpaka uigeuze na kuiweka kwenye mwanga ndo unaona ufa mwembamba kama unywele, urefu hata kucha ya kidole kidogo haufiki. Ufa wenyewe ulikua upande wa nyuma, ndani ya ukuta. Maji yalitoka kidogo kidogo wiki tatu nzima na sisi tunalala humo na watoto, nimekuja kujua siku nakanyaga sakafu karibu na kitanda plaiwudi inabonyea kama mkate uliolowa. Koki ni bei ya chakula cha mchana. Sakafu ilinimalizia hela ya safari mbili.

Kuna wanaosema paipu za siku hizi, zile za PEX (plastiki laini) nyekundu na bluu, hazipasuki. Nusu ni kweli, zenyewe zinavutika kidogo ndo maana huwa zinapona. Ila paipu haikai peke yake, ina fitingi, viungo, pampu, nyumba ya filta, mabomba ya sinki, na ile vavu ndogo pale unapochomeka hosi ya nje inayozuia maji yasirudi, na hivo havivutiki. Kwahiyo kabla ya kitu chochote nenda chini ya kempa kafungue zile koki mbili za chini kabisa, ya maji moto na ya baridi, alafu rudi ndani ufungue mabomba yote hewa iingie, kama kopo la maziwa unavyotoboa matundu mawili sio moja.

Sasa hili linalofuata naomba usomaji wa taratibu maana hapa tunaongelea uhai. Antifrizi ni kile kimiminika unachoweka kwenye paipu badala ya maji ili baridi isizipasue. Watu wanasema antifrizi ni antifrizi, chukua yoyote ya dukani. Jamani hapana. Ile ya kijani ya rejeta ya gari nyingi yake ni ethilini glaikoli, ni sumu, inaua figo, na kibaya zaidi ina ladha tamu, mbwa anailamba mwenyewe na mtoto anaweza kuinywa akidhani ni juisi. Haitakiwi iingie kwenye paipu za maji ya kunywa hata tone. Maji ya kuoshea kioo cha gari nayo ni vilevile, mengi yana methanoli, hiyo inapofusha macho na inaua. Ya kempa ni ile ya pinki, na usiishie kwenye rangi, soma nyuma ya dumu, unatafuta propilini glaikoli. Kuna za pinki za bei ya chini ambazo zimechanganywa na spiriti, hizo zinashika moto na zinakausha mipira ya koki na choo, mi sizitumii.

Alafu ile namba. Dumu limeandikwa hasi 50, mtu anaelewa kwamba haligandi mpaka baridi ifike hapo. Kwanza hiyo ni Farenhaiti, kwa Selsiasi ni kama hasi 46. Pili haimaanishi haigandi, inaanza kuwa uji mzito mapema sana kabla ya hapo, ila huo uji ni laini, hausukumi paipu ikapasuka. Ukifungua kempa mwezi wa 1 ukakuta uji wa pinki kwenye sinki usishtuke, ndo inavyofanya kazi. Lakini pia usiichanganye na maji ili itoshe, ya pinki inauzwa tayari kutumika, ukiongeza maji umeharibu hesabu yote. Na sisi wa huku hatuna pa kuchezea, kule Tower kaskazini mwa Minnesota tarehe 2 Februari 1996 ilipimwa hasi 60 Farenhaiti, yaani hasi 51 Selsiasi. Ukiishi sehemu kama hizo hakikisha paipu umezikausha kweli kwanza alafu ndo uweke pinki, hata kama itabidi ununue ile ya namba kubwa zaidi.

Kosa lingine nimelikuta kwa jirani yangu, mtu mwangalifu kweli. Alimimina madumu mawili kwenye sinki, bafu na choo akajua kamaliza. Ulichomimina kwenye sinki kimeenda kwenye njia ya maji machafu, kimelinda ile U ya chini ya sinki (paipu iliyopinda inayobaki na maji) basi, na hiyo U ni muhimu na kila mwaka lazima uiwekee. Lakini paipu zinazoleta maji hazijaguswa kabisa. Kuzifikia ni kwa pampu ya kempa yenyewe, unatoa ule mpira unaovuta maji toka kwenye tenki unautumbukiza kwenye dumu la pinki, unawasha pampu, alafu unaenda bomba moja moja, moto kwanza kisha baridi, usifunge mpaka uone pinki iliyokolea, ukiona bado imepauka hayo ni maji yamechanganyika, endelea. Choo unaflashi mpaka ibadilike rangi. Bafu la nje usilisahau kama mimi. Mashine ya kufulia au friji ya kutengeneza barafu kama unazo nazo zina maji ndani. Mwisho zima pampu, fungua bomba moja presha iishe, toa kichujio cha pale pa kuchomekea hosi ubonyeze ile vavu kwa ncha ya bisibisi taratibu, irushe pinki kidogo. Mwagia pia kiasi kwenye matenki ya maji machafu baada ya kuyatoa, kwa ajili ya mipira ya milango yake.

Kabla ya hayo yote kuna hita ya maji, na wengi wanaijaza pinki wakidhani wanailinda. Hita nyingi ni galoni 6, kama lita 23, yaani umemwaga madumu sita ya pinki kwa kitu ambacho kikishamwagwa maji kinatosha, yale mabaki ya chini yana nafasi ya kutanukia. Geuza zile koki za kuiruka, yaani zinazopitisha maji pembeni bila kuingia kwenye hita, zipo nyuma yake, ukifanya hivo kempa ya kawaida inatumia galoni 2 au 3 tu. Ila usiifungue ikiwa ya moto! Zima gesi na umeme, acha ipoe kabisa, toa presha kwa ile vavu ya usalama ya juu, ndo ufungue ya chini. Za tenki la chuma zinatoka na fimbo ya anodi, iangalie, hiyo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tenki, ikibaki kama waya weka mpya. Za tenki la aluminiamu zina kizibo cha plastiki tu, usilazimishe fimbo humo.

Kompresa, ile mashine ya kupuliza upepo kwenye paipu? Inafanya kazi, mi naipenda kwa kukausha kabla ya pinki. Wanaokosea ni wanaodhani presha ikizidi ndo inasafisha zaidi, psi (kipimo cha presha) 30 mpaka 40 inatosha, ukipiga 90 utang'oa fitingi mwenyewe. Na upepo unapita juu ya maji yaliyokaa bondeni, unayaacha palepale, ndo maana pampu na zile U bado zinahitaji pinki hata kama umepuliza nusu saa.

Na wale wa "nitaacha hita ya hewa imewashwa", gesi ikiisha saa 9 usiku nani atajua? Alafu joto la ndani halifiki chini ya sakafu kwenye kempa nyingi, na paipu nyingine ziko hukohuko.

Mwezi wa 4 ukirudi, suuza mpaka pinki iishe, koki za hita bado ziko kwenye kuruka mpaka usafishe kwanza, alafu weka jiki isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15 za tenki, ipitishe kwenye mabomba yote, ilale usiku, uisuuze. Baada ya hapo funga kila bomba, washa pampu, ikishajaza ikanyamaza kaa kimya ndani dakika 15 usifungue kitu. Ikibaki kimya uko salama. Ikikoroma yenyewe hata kidogo tu, kuna mahali maji yanatoka, zima hapohapo uanze kutoa droo, na mi ningeanzia kule kwenye bafu la nje.