Mwambie Daktari Unapopikia

Mama anafika zahanati na mtoto wa miaka miwili anayekohoa kwa mara ya nne mwaka huu. Kadi ya mtoto imejaa majina ya dawa, lakini hakuna palipoandikwa kwamba familia hupika na kulala katika chumba hichohicho, wala kwamba jiko la mkaa huwashiwa vipande vya mifuko ya plastiki. Hakuulizwa, naye hakudhani kwamba ni habari ya kumwambia daktari.

Kwangu mimi, swali la "mnapikia nini, na wapi?" lina uzito sawa na kusikiliza kifua. Chembe za moshi zilizo ndogo kuliko maikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, wa leo leo, wakati kujaza mtungi wa gesi kunataka fedha kwa mpigo. Daktari asiyelijua hilo atatoa ushauri usiotekelezeka. Kwa anayebaki na mkaa, nasema: pikia nje, mtoto akae mbali, plastiki usiiguse. Na jiko lisiingizwe ndani usiku hata kama mkaa umekolea na moshi hauonekani, kwa kuwa bado linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini.

Homa nayo ina mtaa wake. Wagonjwa watatu wa mtaa mmoja wakija na homa kali na maumivu nyuma ya macho, kipimo cha malaria kikaonyesha hawana, daktari afikirie dengi, homa inayoenezwa na mbu, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Awape parasetamo, si aspirini wala diklofenaki, zinazoweza kuzidisha kutokwa damu. Kisha ampigie simu bwana afya siku hiyohiyo, akague maji yaliyotuama kwenye matairi, ndoo na vifuu vya nazi huko wanakotoka.