Je, Wajua Kwa Nini Mjamzito Ambaye Moyo Wake Umesimama Hupasuliwa Papo Hapo?

Moyo wa mjamzito ukisimama na usirudi upesi, madaktari hulenga kumtoa mtoto ndani ya dakika 5. Wengi wakisikia hivyo hudhani mama amekatiwa tamaa na sasa anaokolewa mtoto. Sivyo kabisa. Upasuaji huo kwanza ni tiba ya mama, na hufanywa hata kama mtoto ameshafariki tumboni. Dhana ya kwamba lazima achaguliwe mmoja ni ya hatari, kwa sababu huwafanya watu wasite.

Siri iko kwenye mfuko wa uzazi. Kufikia takriban wiki ya 20 huwa umefika usawa wa kitovu, na mama akilala chali huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Fikiria pampu ya mkono inayovuta maji kwa mpira, kisha mtu akaukanyaga mpira. Utasukuma mpini mpaka mikono ife ganzi: pampu ni nzima, ila hakuna kinachoingia. Kukandamiza kifua ndiko kusukuma mpini huo. Kwa hiyo mhudumu mmoja akikandamiza kifua, mwingine husukuma tumbo upande wa kushoto kwa mikono, bila kuachia. Hapo ni kama mguu uliokanyaga mpira umeinuliwa kidogo tu. Mtoto akitolewa, umeondoka. Mfuko nao ukijikaza, damu iliyokuwa humo hurudi kwenye mzunguko.

Kwa kuwa mshipa huo wa kutoka miguuni umebanwa, dripu huwekwa mkononi wala si mguuni.

Kazi hii haimudu mtu mmoja. Timu ya dharura, madaktari wa uzazi, wa usingizi na wa watoto wachanga huitwa kwa mpigo mmoja, si mmoja akishindwa ndipo aitwe mwingine. Mama hupasuliwa palepale alipo, maana kumkimbiza chumba cha upasuaji hula dakika na kuvuruga ukandamizaji. Mshtuko wa umeme nao hutolewa kwa kiwango kilekile cha mtu asiye na mimba; kuunyima kwa kumhofia mtoto ni kuwaponza wote wawili.

Lengo la dakika 5 lilipendekezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1986, nalo limejengwa zaidi juu ya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kuliko majaribio makubwa. Wapo akina mama na watoto waliopona ingawa muda huo ulishapita, kwa hiyo kuchelewa peke yake si sababu ya kuacha.