Kukoroma na kukojoa kitandani: dhana potofu na ukweli

"Anakojoa kwa uvivu." Hapana. Aliyelala hakojoi kwa kukusudia, na viboko au aibu havimponyi. Kabla ya miaka 5, kukojoa kitandani wala hakuhesabiwi kuwa ugonjwa.

"Anayekoroma amelala vizuri." Hapa wazazi wengi hupotea. Mtoto anayekoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki, hata asipokuwa na mafua, huenda njia yake ya hewa imebanwa, mara nyingi na tonsili au nyama za puani zilizovimba. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini. Tazama kama pumzi inakatika kisha anashtuka na kuhema, kama analala mdomo wazi na shingo imerudi nyuma, kama anatoka jasho jingi. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo.

"Pua na kibofu vinahusiana wapi?" Kwenye moyo. Mtoto anapovuta hewa kwa nguvu kupitia njia iliyobana, shinikizo ndani ya kifua hushuka, damu nyingi zaidi huingia moyoni na vyumba vyake vya juu hutanuka. Moyo huichukulia hali hiyo kama mwili umezidiwa na maji, ukatoa homoni inayozifanya figo zitoe chumvi na maji. Kibofu kinajaa wakati ambao mkojo ulipaswa kupungua. Juu ya hapo, usingizi unaokatika kila mara huuchosha ubongo hadi ishara ya kibofu kilichojaa inashindwa kumwamsha.

"Angekuwa na shida ya kupumua usiku, mchana angesinzia." Wapo wanaosinzia, lakini wengi huwa watundu, wenye hasira na wasiotulia darasani.

"Asinywe maji." Punguza vinywaji katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala tu, mchana anywe vya kutosha.

"Akitolewa tonsili, kukojoa kitandani kwisha." Wengi huacha kukojoa kitandani ndani ya miezi michache, si wote. Kwa wanaoendelea kukojoa, daktari achunguze kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto aliyekaa miezi 6 bila kukojoa kitandani kisha akaanza tena, hasa akiwa na kiu kali na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, akorome asikorome.