Je, wajua? Elektroni yenye nguvu zaidi ndiyo inayochelewa

Kwa muda mrefu, mtu akiniuliza mtambo wa sinkrotroni, yaani pete kubwa ya kuzungusha elektroni, unatoaje mwanga, jibu langu lilikuwa dainamo. Hapa Tanga mfano huo hauhitaji kuchorwa. Mji huu ni wa baiskeli, na aliyewahi kupanda ile ya zamani yenye dainamo ya kusugua tairi anakumbuka: mchana unateleza tu, usiku ukiibonyeza ishike tairi taa inawaka, na papo hapo pedali inakuwa nzito. Mwanga haupatikani bure. Basi nikawa nasema hivi: elektroni inazungushwa ndani ya bomba, inatoa mwanga, mwendo unapungua, inasukumwa, mwendo unarudi. Watu wanaitikia kwa kichwa, tunamaliza kahawa, tunaagana.

Aliyenikwamisha ni fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, mikono imejaa grisi na wala hakuinua uso. "Sasa yakhe, hizo elektroni si zote zitachoka sawasawa. Huyo anayesukuma anajuaje hii aisukume sana na ile aisukume kidogo?"

Nikamwambia kuna kompyuta. Ni jibu la mtu aliyebanwa. Nilipokwenda kusoma vizuri nikakuta nimekosea mara mbili: si kompyuta inayopima kila elektroni, na mwendo wenyewe haupungui, angalau si kwa kiasi cha kumshughulisha mtu.

Kwanza mtambo, kwa ufupi. Chukua Diamond Light Source, ulioko Oxfordshire, Uingereza. Ni bomba la chuma lililoondolewa hewa, linalojifunga kwa urefu wa mita 561.6. Huitwa pete, ingawa ukitazama ramani yake si duara: ni vipande 24 vilivyonyooka, vikiunganishwa na kona zenye sumaku za kupindisha njia. Elektroni hupewa nishati kwanza kwenye mitambo midogo ya pembeni, kisha huingizwa kwenye pete zikiwa na elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) bilioni 3 kila moja. Kazi ya pete si kuziongezea tena, ni kuzihifadhi. Zinazunguka mara 534,000 hivi kwa sekunde, na kila zinapopindishwa zinatupa mwanga, hasa eksirei kali ambazo wanasayansi huzitumia kuchungulia protini, betri, visukuku na mambo mengine mengi. Mtambo wa namna hiyo ulio jirani zaidi nasi uko Jordan, unaitwa SESAME, ulizinduliwa mwaka 2017, na Misri ni mmoja wa wanachama wake. Katika ardhi ya Afrika haujajengwa hata mmoja.

Mwanga huu ulionekana kwa mara ya kwanza Aprili 1947, kwenye maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani. Haukuwa umetafutwa. Bomba la mtambo wao lilikuwa la kioo, na mtu aliyechungulia akaona nukta ya mwanga. Wakadhani ni cheche za umeme zinazoruka mahali pasipotakiwa. Walipopunguza nishati, mwanga mweupe wenye samawati ukageuka manjano, kisha mwekundu, na hapo wakajua si cheche. Kwa waliokuwa wakihangaika kuongeza nishati ya elektroni, mwanga huo ulikuwa hasara tupu, kama gunia lenye tundu.

Sasa turudi kwenye kosa langu la mwendo, maana limenichukua muda kulitoa kichwani.

Mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Elektroni yenye elektronivolti bilioni 3 iko nyuma ya mwanga kwa mita 4 na kitu kwa sekunde. Si kilomita 4, ni mita 4. Ukiigeuza kwa hesabu ya barabarani ni kilomita 15 na ushee kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli kwenda Raskazone bila haraka yoyote. Tofauti nzima kati ya elektroni hiyo na mwendo wa juu kabisa unaowezekana duniani inatoshana na baiskeli moja.

Kila mzunguko elektroni hupoteza takriban elektronivolti milioni 1 kwa kutoa mwanga, yaani sehemu moja kati ya 3,000 ya nishati yake. Mwendo wake unapungua kwa kiasi gani? Milimita 3 kwa sekunde. Tuseme ipoteze nyingi zaidi, sehemu moja kati ya kumi: mwendo ungeshuka kwa mita moja kwa sekunde, kutoka kwenye mita karibu milioni 300. Ukitaka elektroni yako ionekane imechoka, itakubidi uinyang'anye karibu kila ilicho nacho.

Kwa hiyo dainamo ilinidanganya. Baiskeli ikipoteza nguvu inapunguza mwendo, mwishowe inasimama. Elektroni ikiachwa bila kurudishiwa nishati haisimami wala haipunguzi mwendo. Inapoteza njia. Kila mzunguko inapindwa zaidi kidogo na sumaku zile zile, inasogea ndani, na baada ya mizunguko mia moja au mia mbili inagonga ukuta wa bomba, ikiwa na mwendo ule ule iliokuwa nao mwanzo. Yote hayo ndani ya muda usiofika nusu ya elfu moja ya sekunde. Nimeshatumia neno "kuchoka" mara ngapi kwenye vijiwe? Nimeacha kuhesabu.

Nishati ya ziada inakwenda wapi basi, ikiwa haiendi kwenye mwendo? Inakwenda kwenye ugumu wa kupindika. Elektroni yenye nishati kubwa ni kaidi mbele ya sumaku. Yenye nishati ndogo hukunjika upesi. Hilo ndilo la kushika, kwa sababu jibu la fundi limejificha humo.

Fikiria waendesha baiskeli wanaozunguka kiwanja cha mpira. Sharti la kwanza: wote wana mwendo mmoja, na hakuna awezaye kuzidisha hata akanyage vipi. Nguvu zake za ziada hazimpeleki mbele, zinamfanya awe mgumu kukata kona. Mwenye nguvu nyingi kona inamtupa nje kidogo. Aliyelegea anaikata kwa ndani. Mwendo ni mmoja lakini njia ya nje ni ndefu, kwa hiyo mwenye nguvu nyingi anafika akiwa amechelewa, na aliyelegea anafika mapema. Hapa akili ya kawaida inagoma, yangu iligoma, lakini ukirudia polepole utaona hakuna kiinimacho.

Sharti la pili: mahali pamoja kwenye mzunguko amekaa mama mgawa uji. Hamtazami mtu usoni wala hamuulizi hali. Anatazama saa. Kwenye dakika fulani upawa wake umejaa, na kadiri muda unavyosogea upawa unapungua. Anayewahi anapata wa kujaa, anayechelewa anapata nusu. Na nani anawahi? Aliyelegea. Nani anachelewa? Aliyeshiba. Mama wa watu hajapima nguvu ya mtu hata mmoja, na bado kila mtu kapata kile kinachomstahili.

Uji huo kwenye mtambo ni mawimbi ya redio. Sehemu moja au mbili za pete zina chemba za chuma ambamo nguvu ya umeme hupanda na kushuka mara milioni 500 kwa sekunde, na elektroni hupita ndani yake wakati nguvu hiyo inashuka. Iliyotangulia hukuta nguvu bado kubwa, husukumwa zaidi. Iliyochelewa hukuta imepungua. Elektroni zilizomo ndani ya pete kwa wakati mmoja zinaweza kufika trilioni 3 na nusu, kwa hiyo kompyuta ya kuzihudumia moja moja, ile niliyomtajia fundi, ingekuwa na kazi. Saa peke yake inatosha.

Zile zinazokutana na wimbi likiwa linapanda zina bahati mbaya: huko aliyechelewa huongezewa zaidi, akazidi kuchelewa, mpaka atoke njiani. Ndiyo maana elektroni haziwi mkondo mmoja mrefu kama maji ya bomba. Hujikusanya kwenye nafasi salama tu, mafungu mafungu, kama dagaa waliopangwa mezani sokoni. Pete ya Diamond ina nafasi 936 za namna hiyo, sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine. Mwanga wake nao, kwa hiyo, si mfululizo: ni mwako baada ya mwako, sehemu mbili za bilioni ya sekunde kati ya huu na ule, isipokuwa nafasi zikiachwa wazi kwa makusudi.

Mfano wa uji una kasoro moja. Ungedhani kila mtu akishapewa haki yake mambo yanatulia. Hayatulii hapo hapo. Aliyelegea akiongezewa hupitiliza, akawa mwenye nguvu nyingi, akachelewa, akapunguziwa, akalegea tena. Ni bembea ya watoto wa Idi, si mzani uliosimama. Katika mtambo wa ukubwa huu elektroni hubembea hivyo mara moja katika mizunguko mia mbili hivi. Kinachoizima bembea ni ule mwanga wenyewe: elektroni yenye nishati zaidi hutoa mwanga zaidi, kwa hiyo hupoteza zaidi, na kidogo kidogo mbembeo unapungua. Ile hasara ya mwaka 1947 ndiyo breki. Haizimi kabisa lakini, kwa sababu mwanga hutoka kwa vipande, bila mpangilio, na kila kipande kinachoruka huisukuma bembea upya kidogo. Mafungu ya elektroni hubaki na unene fulani hata mtambo uwe mzuri kiasi gani, na wabunifu wa mitambo mipya, wa kwanza wao ukiwa MAX IV wa Lund, Sweden, wamepambana na unene huo kwa kuzigawa kona ziwe nyingi na ndogo, ili njia ipindwe kwa upole.

Niweke na tahadhari mbili, nisije nikakosea mara ya tatu. Kwanza, nikisema "njia ya nje" usione elektroni imehamia chochoro jingine. Asilimia moja ya nishati ya ziada, kwenye pete kama ile ya Oxfordshire, huongeza njia kwa milimita moja hivi katika mita 561.6. Ni kidogo, ila ni kubwa mara maelfu kuliko faida ya mwendo inayotokana na nishati hiyo hiyo, na hapo ndipo mashindano yanapoamuliwa. Pili, kanuni ya mwenye nguvu kuchelewa si ya kila mtambo. Mitambo ya protoni huanza na chembe ambazo bado hazijaukaribia mwendo wa mwanga, na huko mwenye nguvu huwahi kama barabarani. Zikiongezewa nishati hufika mpaka ambapo mambo yanageuka, na waendeshaji hulazimika kuruka upesi kutoka upande mmoja wa wimbi kwenda mwingine.

Wazo la kuziacha chembe zijirekebishe kwa saa lilimjia Vladimir Veksler, wa Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1944, na Edwin McMillan, Mmarekani, mwaka 1945, kila mmoja kivyake wakati dunia iko vitani.

Nilirudi Ngamiani na uji wangu. Fundi alisikiliza huku akinyoosha rimu, kisha akauliza swali la mtu wa pwani: pete yenyewe ikitanuka je, ile saa si itawapoteza?

Hilo lilikwisha kutokea. Kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa kulikuwa na pete iitwayo LEP, ya CERN, maabara ya fizikia ya nchi za Ulaya, ambayo haikujengwa kwa ajili ya mwanga bali kwa kugonganisha chembe, yenye mzunguko wa kilomita 27. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waendeshaji waligundua nishati ya elektroni zao inapanda na kushuka kidogo katika siku. Sababu ilikuwa mwezi. Mvuto ule ule unaotuletea bamvua na maji mafu huivuta ardhi pia, na pete nzima ilikuwa ikitanuka na kunywea kwa milimita moja hivi. Saa ya redio haikubadilika, mwendo wa elektroni haubadiliki, kwa hiyo urefu wa njia yao ulibidi ubaki vile vile. Pete ikitanuka, elektroni hulazimika kupita ndani zaidi, na wapitao ndani ni wale waliolegea. Nishati ikashuka. Siku hizi kwenye pete za mwanga masafa ya redio, yaani ile saa, husogezwa kidogo kidogo kuufuata mzingo unavyobadilika, iwe kwa mwezi au kwa joto la jengo.

"Kwa hiyo ardhi ya kule inapanda kama maji," alisema.

Nikamwambia na ya hapa pia. Tanga tuko karibu na ikweta kuliko wao, na ardhi tuliyokalia hunyanyuka na kushuka kwa makumi ya sentimita, mara mbili kwa siku, pamoja na kibanda chake, bandari na kila kitu, ndiyo maana hakuna anayeona. Akaitazama sakafu ya saruji, akanitazama mimi, akaendelea kukaza spoku.